Kipini cha ringi kimepotea mara mbili: kabla ununue pistoni ya tatu, soma hii kwanza

Swali lilikuwa refu, nalifupisha. Ndugu mmoja wa South B, Nairobi, ana pikipiki ya 125cc ya motokrosi, tu-stroki, anayeikimbiza ni kijana wake. Msimu huu wamevunja pistoni mbili na zote zilipoteza kile kipini kidogo cha ndani ya mfereji wa ringi, ile pete ya chuma inayozunguka pistoni. Ya kwanza ilivunjika walipoteremka pwani, hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, ilikuwa imekatwa kidogo kuongeza kompresheni. Silinda ikachanika, wakapeleka Industrial Area wakawekewa slivu ya chuma (ukuta mpya wa ndani ya silinda), wakanunua pistoni Kirinyaga Road, ikafanya kama masaa mawili pale uwanja wa Jamhuri nayo ikaenda. Muuzaji anasema kosa ni la aliyefunga, fundi aliyefunga anasema pistoni ni feki. Anauliza nani mkweli, na kama pistoni ya pili inaweza kutobolewa iwekwe kipini kingine.

Pole sana ndugu, pistoni mbili msimu mmoja si pesa kidogo. Na asante kwa kuweka vipande vyote na kuvipiga picha karibu, juu wengi huniandikia wakati washatupa kila kitu na hapo hata fundi mzuri vipi anabahatisha tu. Nimeangalia picha zako moja moja na maoni yangu ni kwamba hizo ni ajali mbili tofauti. Mwisho wake unafanana, kipini hakuna, ringi vipande, silinda imekwaruzwa, lakini zimeanzia mahali tofauti kabisa, na ndio maana mnabishana bila kuelewana, kila mtu ameshika upande mmoja.

Kwanza tuelewane hicho kipini kinafanya nini. Kwa injini ya fo-stroki ringi inazunguka inavyotaka kwenye mfereji wake na hakuna shida kwa sababu ukuta wa silinda hauna matundu. Kwa tu-stroki ukuta una madirisha, poti ya eksozi, poti za transfa zinazopandisha mafuta na hewa kutoka kwenye krenki, na nyingine ile ya nyuma upande wa kabureta. Ringi inajitanua muda wote, ikipita kwa dirisha inatokeza kidogo nje, na katikati yake hiyo si neno kwa sababu imeshikwa pande zote mbili. Lakini ncha yake haina kitu cha kuishika. Ncha ikifika kwa dirisha inachomoka nje, pistoni ikipanda au ikishuka inagonga ukingo wa poti na inakatika. Kipini kipo kuhakikisha zile ncha mbili zinapita mahali penye ukuta mzima kila mara, hakina kazi nyingine.

Sasa angalia nguvu zilizopo. Injini kama yako, kipenyo milimita 54 na stroki 54.5, ikifika revu 11,500 kwa dakika pistoni inabadilisha mwendo kule juu kwa nguvu ya karibu mara 5,000 ya uzito wake. Ringi yenyewe ina gramu mbili na nusu hivi, kwa hiyo pale juu inajivuta kama kitu cha kilo 12, na hiyo inarudiwa zaidi ya mara 190 kwa sekunde. Kipini ni kijiti cha milimita moja na kitu kilichobanwa ndani ya aluminiamu. Hakijatengenezwa kubeba vita, kimetengenezwa kuongoza ringi ambayo imetulia. Ndio maana nikiona kipini hakipo siulizi kwanza kilikuwa imara kiasi gani, nauliza ni nini kilikifikia.

Na hapa ndio pa kutumia muda wako, usiharakishe. Chukua pistoni, isafishe na petroli na brashi laini, usitumie msasa tafadhali, halafu chukua tochi na lenzi ya kukuza uangalie tundu la kipini. Tundu huwa linaonyesha mambo matatu na yanatofautiana vizuri tu ukishayajua.

Kama tundu bado ni duara lakini limelegea kote kote, na ndani linang'aa, kipini kilitoka chenyewe polepole. Hiyo ni kazi ya joto ama ya kubanwa vibaya tangu kiwandani. Aluminiamu inapanuka kuliko chuma, pistoni ikipata moto kupita kiasi tundu linafunguka, na ikirudia hivyo aluminiamu inalainika na haishiki tena kama mwanzo. Kama tundu limekuwa la mviringo mrefu, limelika kulia na kushoto kufuata mfereji, ringi imekuwa ikikigonga kipini huku na huku kwa muda mrefu, hapo angalia mfereji uliochakaa na ringi iliyoisha. Na kama tundu limeburutwa upande mmoja, kingo zake zimechanika na aluminiamu imesukumwa kama udongo ulioparwa, basi kipini kilivutwa kwa nguvu mara moja. Ringi ilinaswa mahali ikakatika, kipande chake kikakisomba kipini. Kwa huyu wa mwisho kipini hakina hatia hata kidogo.

Halafu nenda kwa silinda, juu ushahidi wa pili uko huko. Kipini kikianza kutoka kabla ringi haijavunjika, kitagusa ukuta. Utaona mstari mmoja mwembamba ulionyooka kutoka juu hadi chini, upana wake ni wa kipini chenyewe, na uko sawasawa na mahali kipini kilipokuwa. Kuna ringi ambazo ncha zake zimechongwa upande wa ndani zikakifunika kipini, kwa hizo utaona mistari miwili inayong'aa badala ya mmoja, kipini kilikuwa kinasukuma ncha zote mbili ukutani. Mstari ukiwepo, kipini ndicho kilianza. Mstari usipokuwepo na ukingo wa poti umemegeka, ringi ndiyo ilianza. Hiyo mimi naiamini kuliko hadithi ya mtu yeyote, pamoja na hadithi ya mwenye pikipiki.

Usichanganye mstari huo na ule wa saklipu ya gajoni, ile klipu ndogo inayoshikilia pini ya kuunganisha pistoni na konrodi. Saklipu ikitoka nayo inachimba mstari mrefu, lakini mstari wake unakuwa mpana, umechimbika sana, na uko ubavuni mwa silinda pale gajoni inapoelekea, wakati kipini cha ringi kwa injini nyingi kiko upande wa nyuma, mbali na eksozi. Angalia mahali kabla useme jina. Na mkifunga saklipu, uwazi wake uangalie juu kabisa ama chini kabisa, usiangalie kando, halafu saklipu ikishatolewa hairudishwi tena, ni kitu cha bei ndogo sana kuokolea.

Tuje kwa pistoni yako ya kwanza, ile ya pwani. Tundu ni duara, limelegea. Ukutani kuna mstari mwembamba, umeupiga picha vizuri. Chini ya kichwa cha pistoni, kule ndani konrodi inakoingilia, pamekuwa peusi kama makaa, na hapo kwa injini iliyo na afya panatakiwa kuwa rangi ya kahawia tu, kwa sababu ni oili iliyoiva kidogo bila kuungua. Nyeusi kabisa maana yake pistoni ilipata joto baya. Na ukingo wa juu wa pistoni una vishimo vidogo vidogo vingi, kama umepulizwa na mchanga. Hiyo ni ditonesheni, mafuta yaliyobaki pembeni yanalipuka yote kwa mpigo badala ya kuungua kwa utaratibu. Usivichanganye na makovu ya vipande vya ringi, hayo ni makubwa, yana umbo, na ukigeuza hedi unayakuta kule pia yakilingana. Wewe unayo yote mawili, lakini vishimo ndivyo vilitangulia, kwa sababu makovu yamekaa juu yake.

Ilipata joto hivyo kwa nini? Nairobi tuko kama mita 1,795 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, pungufu karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa, ndio sababu huku tunaweka jeti ndogo (kile kitundu cha kupitisha petroli) kwenye kabureta na watu wanakata hedi kurudisha kompresheni iliyopotea. Kwa hapa hiyo ni akili nzuri, sina ubishi nayo. Sasa mkafunga pikipiki kwa pikapu mkateremka nayo vile vile ilivyo, jeti ya Nairobi, hedi ya Nairobi, mpaka usawa wa bahari. Kule hewa ni nzito, kwa hiyo injini inapata hewa nyingi na mafuta ni yale yale kidogo, kompresheni inapanda juu ya ile mliyokwisha kuongeza, jua la pwani nalo halijaongea bado. Ditonesheni ilikuwa lazima. Ikishaanza inavunja ile tabaka nyembamba ya gesi iliyotulia inayokinga pistoni isiguswe na moto moja kwa moja, joto linaingia kwenye aluminiamu, tundu linafunguka, kipini kinatembea, ringi inazunguka, ncha inafika kwenye poti. Kijana wako hakuskia kitu labda ila injini kupoteza nguvu kidogo mwisho wa mnyoosho, halafu basi.

Kwa hiyo ile ya kwanza si feki na si ufungaji. Ni safari.

Mkiteremka tena panda jeti kubwa ya kabureta saizi kadhaa, anzeni na mafuta mengi mpaka injini ionekane nzito, halafu mshuke saizi moja moja huku mkisoma rangi ya plagi na ya kichwa cha pistoni. Mkiwa na hedi mbili, ya juu na ya pwani, bora zaidi. Hedi mkiwa nayo moja tu iliyokatwa, muwe na gasketi nene ya kuweka chini yake, japo inaharibu kidogo ule mwanya wa pembeni kati ya pistoni na hedi, lakini pistoni itaishi. Kuna wanaotia avgas 100LL, ile petroli ya ndege ya bluu, na kweli inavumilia ditonesheni kuliko ya kituoni, ila ni nyepesi kuliko petroli ya kawaida kwa hiyo kabureta inapimwa upya, usiimwage tu ukadhani umemaliza.

Ya pili sasa. Hii ndiyo imeniuma, juu iliweza kuzuilika mezani kabla injini haijawashwa.

Chini ya kichwa rangi ni kahawia safi. Ukingo wa juu hauna vishimo, una makovu tu ya vipande. Kwa hiyo joto halikuwepo, jeti iko sawa kwa Nairobi, muiache. Tundu la kipini limeburutwa upande wa kulia, limechanika. Ukuta hauna ule mstari mwembamba hata mahali pamoja. Na kwenye picha ya nne, angalia ukingo wa juu wa poti ya nyuma, kona ya kulia, kuna kimegeko kidogo kinachong'aa, na chini yake kwenye ukingo wa chini wa poti hiyo hiyo kuna kingine kinacholingana nacho. Ringi inagonga ukingo wa juu ikipanda, na wa chini ikishuka, ndio sababu alama ni mbili. Ncha ya ringi ilikuwa inapita pale.

Mtu anapoweka slivu ya chuma kwenye silinda iliyokuwa na Nikasil, lile tabaka gumu la nikeli linalopakwa ukutani, anakata poti mpya kwenye slivu kufuata zile za silinda. Kwenye leidhi, mashine ya kuchonga, kipenyo kitatoka sawa kabisa, hapo mafundi wetu wa Industrial Area ni hodari na nawaheshimu. Lakini poti zinamalizwa kwa mkono, kwa grainda ndogo, na hapo ndipo mambo mawili hupotea. La kwanza ni upana. Poti yako ya nyuma imepanuliwa, nimeipima kwenye picha kwa kuilinganisha na ile ya transfa, si kipimo cha kuapia lakini inaonekana wazi imesogea kulia kuelekea njia ya kipini. La pili ni chamfa. Ukingo wa kila poti lazima uondolewe ukali, uwe na mteremko laini unaoirudisha ringi ndani taratibu, mkubwa zaidi kwenye eksozi, na umalizwe kwa jiwe kisha msasa laini sana. Kingo zako bado ni kali kama zilivyotoka kwenye grainda. Ukipitisha kidole ndani ya hiyo silinda polepole utaskia mwenyewe, na kidole chako kikikwaruzwa jua ringi inakwaruzwa.

Je, pistoni ni feki? Kwa picha siwezi kumhukumu muuzaji, ila kuna kitu cha kukagua. Pistoni za makampuni mengine, hata nzuri halali, wakati mwingine huwa na kipini kilichosogezwa kidogo kuliko ya asili. Kwa silinda ya asili inapita. Kwa silinda iliyopanuliwa poti inaweza kuwa ndiyo ile tofauti ndogo iliyokuua. Kwa hiyo weka pistoni ya kwanza na ya pili mezani, gajoni zikiwa zimelala sawa, na ulinganishe kipini kiko wapi. Linganisha pia uzito na unene wa kuta, tofauti kubwa hapo ndiyo ya kukushtua.

Jambo la mshale juu ya pistoni, kwako uko sawa, unaelekea eksozi, nimeuona. Nalitaja kwa wengine wanaosoma: pistoni ikigeuzwa nyuma mbele, vipini vinahamia upande wa eksozi, dirisha kubwa kuliko yote, na injini haimalizi hata raundi. Pistoni ikiwa haina mshale, ongozwa na vipini vyenyewe na uhakikishe kwa macho.

Kuhakikisha kwa macho ni hivi, na ningependa ufanye hii kabla hujalipa senti nyingine. Toa hedi, toa eksozi, toa ridi valvu, ile ya vibamba upande wa kabureta. Paka ncha za ringi rangi ya kalamu ya maka, funga pistoni na silinda, halafu zungusha krenki kwa mkono polepole huku mwenzako anamulika tochi kupitia kila poti. Fuata zile ncha kwa macho kutoka juu mpaka chini. Zinatakiwa zisionekane kwenye dirisha lolote, na mimi sitaki ziwe karibu na ukingo chini ya milimita 2 kila upande. Ukiziona zikichungulia, acha. Hiyo silinda haiwezi kutumika na pistoni hiyo, na hakuna oili wala jeti itakayobadilisha hilo.

Pima na nafasi ya ncha za ringi. Iingize ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae wima sawa, mahali ambapo hakuna poti, halafu tumia fila geji, vile vibamba vya kupimia mianya. Kwa kipenyo cha 54 sishuki chini ya milimita 0.3, na kitabu cha injini yako kikisema zaidi fuata kitabu. Ikibana sana ncha zinakutana zikipata joto na kukibana kipini katikati, utaziona ncha zimeng'aa kama kioo. Kisha ukifunga hakikisha upande wenye mkato ndio unaokaa kwenye kipini, ringi iliyopinduliwa haiingii mferejini yote, na fundi mwenye haraka huisukuma na silinda kwa nguvu, hapo kipini kinapindika kabla hata plagi haijafungwa.

Kuhusu hiyo slivu yenyewe, mrudishie aliyeichonga ukiwa mpole, muonyeshe picha ya nne. Chamfa inarekebishika. Poti iliyopanuliwa hairudi, kwa hiyo kama ncha zinachungulia itabidi slivu nyingine, na safari hii mpe pistoni na ringi mkononi aweke alama ya njia ya kipini ndani ya slivu kabla hajawasha grainda. Muulize pia aliacha nafasi kiasi gani kati ya pistoni na ukuta. Silinda ya aluminiamu yenye Nikasil inapanuka pamoja na pistoni, inatosha milimita 0.05 hivi, slivu ya chuma haipanuki vile kwa hiyo inataka zaidi, na kama injini ina valvu ya eksozi (kile kipande kinachobadilisha urefu wa poti ya eksozi) aangalie haigusi pistoni.

Swali lako la mwisho, kutoboa na kuweka kipini kipya. Hapana ndugu. Najua inafanywa, wengine wanatoboa kubwa kidogo wanabana kijiti na kupiga penchi pembeni kishike, na kwa injini ya kusukuma maji shambani labda itaenda. Kwa revu 11,500 na mtoto wako juu yake, hapana. Aluminiamu iliyochanika haina cha kushikia, na injini ikijifunga ghafla kijana akiwa hewani juu ya jampu hatua inayofuata ni hospitali.

Na kabla pistoni ya tatu haijaingia, fungua injini mpaka chini. Vipande vingi vya ringi hutoka na eksozi, lakini kipini kidogo hupenda kushuka kupitia transfa mpaka kwenye krenki, kikae kinangoja beringi ya chini. Osha na mafuta ya taa mpaka yatoke masafi, pitisha sumaku, lakini kumbuka vipini vingine ni vya shaba na sumaku haitavishika, kwa hiyo macho na tochi. Geuza eksozi uitingishe vizuri, usikie kama kuna kitu.

Ikishafungwa, iwashe, iache ipate joto kabisa, izime ipoe, urudie, halafu kijana apige raundi chache pale Jamhuri bila kufungulia yote. Akitoka, toa eksozi tu, bolti si nyingi, umulike ringi kupitia poti ya eksozi huku unazungusha krenki. Uso wa ringi uwe umeng'aa sawa kote, usiwe na mikwaruzo ya wima. Ikiwa hivyo rudisha eksozi aendelee. Ukiona mkwaruzo hata mmoja, nipigie picha na usiiwashe tena siku hiyo.